Mizani Nane kwa Pumzi Moja

Maneno haya ni yangu, mkono ulioyaandika ni wa binti yangu. Mimi husema, yeye huandika, kisha hunisomea. Nikitikisa kichwa hufuta, tunaanza upya. Sentensi moja huweza kumaliza asubuhi nzima. Nilipokwama alinipa maneno mawili matatu nichague, na niliyoyachagua ndiyo unayoyasoma. Msomaji asidhani basi kwamba ndivyo ninavyozungumza barazani. Barazani nazungumza kwa vipande, na baadhi ya vipande havifiki.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya binafsi, Dar es Salaam. Jioni na siku za mapumziko nilikuwa mshenga. Watu wa mtaani kwetu walinituma kupeleka posa kwa sababu nilijua kuingia katika nyumba za watu: salamu zianzie wapi, barua itolewe lini, mzaha wa mashangazi ujibiweje, na wakati gani mtu anyamaze mahari inapotajwa. Kazi zote mbili, ya darasani na ya barazani, nilizifanya kwa maneno peke yake. Mwaka 2019 kiharusi kikayachukua maneno hayo.

Nimekuja kushuhudia jambo moja. Afasia, maradhi ya kupotewa na usemi, iliingia katika ubongo wangu peke yangu, lakini iliyougua ni nyumba nzima. Na kwa kiasi nilichopona, nimepona kwa kuwa nyumba nzima ilijifunza kuzungumza upya. Najua wapo wanaoishi na hali hii katika vyumba vya uani, ndugu zao wakiamini akili imeondoka. Ushuhuda huu ni wao, na ni wa wale wanaowapelekea chakula.

Kiharusi chenyewe hakina hadithi ndefu. Nilikuwa mbele ya kidato cha tatu, chaki ikaniponyoka. Nikaona midomo ya wanafunzi wa mstari wa mbele inacheza nisielewe wanasema nini. Hospitali walinipiga picha ya kichwa, wakasema mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, na kwamba chanzo ni presha. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na wilayani Hai, Kilimanjaro, kati ya 2003 na 2006, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba kwa mwaka watu wapatao 316 katika kila 100,000 hapa mjini hupata kiharusi, na 109 kule Hai, hesabu ikiwa imesawazishwa kwa umri. Nimeziweka takwimu hizo kwa sababu mtaani bado tunanong'ona kana kwamba kila kiharusi ni tukio la peke yake, lililotumwa na mtu mwenye kijicho. Na katika kila watu watatu wanaonusurika kiharusi, karibu mmoja huamka na afasia.

Mguu ulirudi mapema. Walioniona natembea na mkongojo walimshukuru Mungu, wakaona yamekwisha. Wakaniuliza habari za afya. Nikawajibu: "Kabati."

Neno hilo ndilo lililobaki. Nikitaka maji, kabati. Nikitaka kuuliza kama watoto wamekula, kabati. Kichwani swali lilikuwa kamili, lina mwanzo na mwisho, na nilisikia vizuri kabisa kwamba lililotoka silo. Nikijaribu tena, linatoka lilelile. Ulimi ulikuwa mzima, niliweza kuutoa nje na kulamba midomo; kilichovunjika kilikuwa nyuma yake. Mtoto wangu wa mwisho, wakati huo darasa la pili, alilifungua kabati la vyombo akawa anatoa kitu kimoja kimoja na kukiinua mbele ya macho yangu. Kikombe? Sahani? Chujio? Aliendelea mpaka vyombo vyote vikawa sakafuni. Mama yake alikuja kumzuia, nikamshika mkono asimzuie. Kati ya wote nyumbani, mtoto yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamini kwamba baba yake alikuwa anasema kitu.

Baadaye binti alinisomea habari za Mfaransa mmoja, Leborgne, aliyekaa zaidi ya miaka ishirini katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris akiwa na silabi moja tu, "tan", ambayo aliipandisha na kuishusha sauti kulingana na alichotaka kueleza. Alipofariki mwaka 1861, daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta umeharibika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Ndipo wataalamu wakaanza kukubali kwamba usemi una makao yake. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza namna nyingine ya maradhi haya: mgonjwa humwaga maneno mengi kwa mwendo wa kawaida, lakini hayashikani, na yeye mwenyewe haelewi vyema anachoambiwa. Nilikutana na mama wa namna hiyo kliniki. Alizungumza nami kwa upole, muda mrefu, akinigusa bega. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kumzungusha kwa waganga, maana mtu anayeropoka ghafla, kwa wengi wetu, ana pepo. Mimi niliyenyamaza waliniita zezeta, na siku nyingine mlevi. Kondakta wa daladala aliwahi kunishusha kabla ya kituo changu kwa kudhani nimelewa, nikiwa na kofia ya kutoka msikitini.

Watu huniuliza inakuwaje kulikosa neno unalolijua. Nawaambia waifikirie stoo ya vitabu ya shule: vitabu vyote vipo rafuni, hakuna kilichoibwa, ila majina yote ya migongoni yamebanduliwa. Unatoa kimoja, sicho. Unatoa cha pili, kinakaribia. Na nje ya mlango watu sitini wanakungoja, wanaanza kupiga kelele.

Wageni wengi waliniletea karatasi na kalamu. Nia yao ilikuwa njema. Lakini afasia haiishii mdomoni; huchukua na kuandika, mara nyingi huchukua na kusoma. Niliishika kalamu kwa mkono wa kushoto nikachora kitu kisichokuwa herufi. Wengine walipaza sauti, nami nasikia sawasawa. Wengine waliniongelesha kwa sauti ya kubembeleza watoto wachanga, mwanaume mwenye ndevu nyeupe. Hayo yaliniuma kuliko mguu.

Mjomba wangu alisafiri kutoka Pangani kuja kuniangalia. Nilitaka kumwamkia. Moyoni nilisema shikamoo, mdomoni ikatoka "Marahaba." Mzee alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Nikahangaika kurekebisha: "Marahaba, marahaba." Mwalimu huamkiwa na watoto tangu getini mpaka darasani, miaka nenda miaka rudi, na jibu lile lilikuwa limejichimbia mahali ambapo kiharusi hakikufika. Lakini mjomba angelijuaje hilo? Chumba kizima kilinyamaza. Mke wangu akapiga goti mbele yake, akasema: "Mjomba, shikamoo. Hiyo ni yangu na yake." Mzee akaitikia mara mbili. Tangu siku ile mke wangu huwaamkia wakubwa kwa niaba yetu sote wawili, nami huinamisha kichwa kando yake.

Kuna jambo la hatari zaidi, na ningependa kila familia lilijue. Mtu mwenye afasia anaweza kusema ndiyo akiwa na maana ya hapana. Mimi lilinipata sana miezi ya mwanzo. Ndugu yangu mmoja alikuja na karatasi za kiwanja chetu, akanieleza kwamba kuna mnunuzi, fedha zitasaidia matibabu, akaniuliza kama nakubali. Nikasema, "Ndiyo, ndiyo, ndiyo." Alikuwa ameshafungua kidau cha wino wa dole gumba. Mke wangu, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akasema, "Shemeji, sikiliza mdomo wake basi utazame na kichwa chake." Kichwa kilikuwa kinatikisika kukataa, na mkono mzima ulikuwa umezisukuma karatasi. Ndugu yangu alizikunja akaondoka na hasira. Watu wangapi wamepoteza viwanja, mashamba na akiba zao kwa ndiyo ya namna hiyo?

Mke wangu amesema sehemu yake iandikwe bila kupambwa, nami nimekubali. Haya ni maneno yake.

"Watu walikuwa wananipa pole kama mjane, na mume wangu amekaa pale pale kwenye kiti. Wananiuliza, 'Anasemaje?' Wananiuliza mimi! Mwanzoni nilijibu kwa niaba yake, nikawa najibu hata nisichokijua. Nilikuwa na hasira. Mwalimu alikuwa mtu wa maneno, tukikorofishana tunakorofishana mpaka usiku, tunacheka, tunalala. Hicho ndicho nilichokikosa, kugombana naye. Nyumba ilikuwa kimya. Mwenyewe nilianza kuongea peke yangu jikoni. Fedha, ada, maji, kodi, vyote vikawa vyangu, na sina mtu wa kumuuliza 'tufanyeje?' Nilianza kupika vitumbua alfajiri na kuvipeleka stendi. Binti yetu akaahirisha chuo. Hakuna aliyemwambia aahirishe. Alirudi tu siku moja na begi lake."

Hapo aliacha. Akaniangalia, akasema nimalizie mwenyewe.

Kulikuwa na jioni moja iliyotudanganya. Mdogo wangu alituswalisha Magharibi nyumbani, mimi nimekaa kwenye kiti. Alipoanza Fatiha, mdomo wangu ukafuata. Yote. Aya kwa aya, bila kukwama, kwa sauti ambayo watoto walikuwa wamekwisha kuisahau. Swala ilipoisha nyumba ililipuka kwa vilio na vigelegele. Jirani akaja mbio. Mke wangu akanikumbatia akasema, "Sema kitu, sema chochote!" Nikafungua mdomo. Kabati.

Sitaki kulipita hili haraka, kwa kuwa familia nyingi hupita hapo na kuvunjika moyo. Sala tulizohifadhi utotoni, nyimbo, kuhesabu, majina ya siku, hata matusi, hutoka kwa njia nyingine kuliko sentensi mtu anayoitunga kwa haja ya wakati ule. Mgonjwa anaweza kuwa na vile bila hii. Ndugu wakishuhudia hayo huona anajifanya, au kwamba anachagua wa kuzungumza naye. Hajifanyi. Mpaka leo nikitaka kutaja saba lazima nianze moja, nihesabu kwa vidole, nisimame hapo. Nikitaka kusema Alhamisi naanza na Jumamosi.

Aliyetueleza hayo ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, kijana aliyesomea Makerere, Kampala, ambako shahada ya fani hiyo ilianza kufundishwa mwaka 2008. Wataalamu wa aina yake ni wachache mno katika Afrika Mashariki yote. Tulimpata kwa bahati, kupitia mzazi wa mtoto mwenye kigugumizi, na alikuwa akija kwetu kila alipopata nafasi. Siku ya kwanza hakuniuliza jina la kalamu wala kikombe. Alimuuliza mke wangu: "Mwalimu alikuwa anapenda nini?" Akaambiwa, mashairi. Darasani sikusoma shairi kwa macho matupu. Nililighani, na wanafunzi wakaghani nami.

Kijana akaanzisha tarbia moja inayofundishwa shuleni. Nilimpokea mshororo wa pili na kwenda naye mpaka kituo.

Mwaka 1973, watafiti wa Boston, Marekani, Albert, Sparks na Helm, walieleza njia ya kuwarudishia wagonjwa usemi kwa kughani: kifungu kifupi cha maneno hutamkwa kwa mahadhi, sauti ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto ukigonga kila silabi, kisha mahadhi hupunguzwa kidogo kidogo mpaka yabaki mazungumzo. Mtaalamu wetu alikuwa amejifunza njia hiyo kwa sentensi za Kiingereza. Kwangu aliona ameshakuta nyumba imejengwa. Mwalimu wa mashairi ana mizani mwilini. Akachukua mahitaji yangu ya kila siku akayapima kwa mizani nane, yaani silabi nane, nusu mshororo wa tarbia, kiasi ambacho mtu anakimaliza kwa pumzi moja.

*Mama nipatie maji.* Hilo lilikuwa la kwanza. Tulikaa ukumbini, kiganja changu cha kushoto kikigonga paja, yeye akighani nami, kisha akishusha sauti yake taratibu mpaka ikabaki yangu. Silabi ya tatu na ya nne zilikuwa zinaangukia shimoni kila siku. Watoto wakajiunga. Mke wangu alijiunga akiwa anakanda unga. Nilipolisema peke yangu, mara ya kwanza, aliniletea maji kwenye glasi ya wageni.

Kisha yakafuata mengine. *Nataka kwenda kulala. Leo naumwa kichwani.* Watoto waligeuka mafundi wa kupima, wakawa wanaketi mezani na kalamu wakitafuta namna ya kulifikisha neno mizani nane, na mimi, mwalimu wao, nikiwasahihisha kwa kugonga meza pale walipozidisha. Kwa ajili ya mdogo wao walinitungia *Habari za huko shule*, ili akirudi mchana mimi ndiye nimuulize. Alikuwa ameacha kuniletea madaftari yake. Nilipomuuliza kwa mahadhi hayo, alisimama mlangoni na mkoba, kisha akaanza kunieleza habari za shule, zote, mpaka chai ikapoa.

Ndugu yangu alirudi na zile karatasi. Safari hii nilikuwa na silaha. Nikagonga paja: *Hilo mimi sikubali.* Akadhani hakusikia. Nikarudia. Mke wangu hakusema hata neno moja. Aliendelea na shughuli zake. Na usiku ule ule, juu ya jambo jingine kabisa, la fedha za vitumbua, sentensi hiyo hiyo nilimgeuzia yeye. Akanijibu. Nikairudia. Tukagombana, yeye kwa maneno mia na mimi kwa hayo matatu, hadi binti akatoka chumbani kuja kutazama kuna nini. Mama yake alikuwa anacheka na kulia.

Njia hii haiwafai wote. Inamfaa zaidi aliyeharibika upande wa kushoto peke yake na anayeelewa anachoambiwa, na vifungu vilivyofanyiwa mazoezi hushika kuliko mazungumzo huru. Kwangu, kilichofanya kazi sawa na mahadhi ni kanuni tuliyowekeana nyumbani. Televisheni huzimwa kwanza. Anayesema ni mmoja. Hakuna anayenimalizia neno mpaka niinue kidole. Swali huulizwa kwa namna ya kuchagua, chai au uji, kesho au leo, na jibu langu hurudiwa kwa kunionyesha, kuhakikisha ndiyo yangu ni ndiyo kweli. Na kusubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Binti yangu alikuwa akihesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kufungua mdomo, na hata sasa, akizungumza na mtu yeyote, huacha nafasi ya kumi hizo. Wenzake humwona ana utulivu wa ajabu.

Huko kazini, sheria ilikuwa upande wangu kwa muda, kisha ikanyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mfupa uliovunjika hupona ndani ya siku hizo. Afasia ndiyo kwanza inaanza kufunguka. Siku zilipoisha tuliitwa ofisini, mimi na mke wangu, na barua ilikuwa mezani tayari. Mwalimu mwenzangu wa uraia, aliyeomba kuhudhuria, ndiye aliyeitaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Mwenye shule akashangaa. "Mwalimu ni mlemavu?" Natembea, nasikia, naona. Ulemavu wangu hauonekani mpaka nifungue mdomo. Barua ile ilirudishwa kwenye faili, na baada ya majadiliano nikapewa stoo ya vitabu: kutoa, kupokea, kuhesabu. Mshahara ukashuka chini ya nusu ya ule wa zamani. Niliukubali.

Darasa nililofundisha liko ng'ambo ya ukuta wa stoo. Namsikia kijana aliyechukua nafasi yangu akifundisha ngeli. Mimi mwenyewe sasa hunitoka "kitabu yangu", nikasikia kosa, nikashindwa kulirekebisha mbele ya watoto niliowakata maksi kwa kosa hilohilo. Kipindi hicho nilipata faraja mahali nisipopategemea: Tom Abuom, mtafiti wa Kenya, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, wamechunguza usemi wa watu wenye afasia wanaotumia Kiswahili na Kiingereza, na kazi zao zimekuwa zikichapishwa tangu 2011. Sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu maradhi haya imetoka kwa wasemaji wa lugha za Ulaya. Kwamba kuna aliyekiona Kiswahili kilichovunjika, cha watu wa hali yangu, kuwa kitu cha kuketi na kukisikiliza kwa makini, lilikuwa jambo kubwa kwangu.

Wanafunzi ndio waliobadilisha stoo. Walianza kuja kuazima vitabu na kubaki. Wananisomea insha zao, nami nagonga meza penye kosa. Wanatafuta wenyewe mpaka wanalipata. Hainiletei fedha, lakini mkuu wa masomo sasa ameiweka katika ratiba.

Machi 2022 familia ya mwigizaji Bruce Willis ilitangaza kwamba anaacha kuigiza kwa sababu ya afasia. Vijana wa mtaani kwetu wamekua wakimtazama katika vibanda vya video, na kwa mara ya kwanza ugonjwa wangu ukawa na jina ambalo kila mtu analitamka. Februari 2023 ikaelezwa kuwa chanzo chake ni maradhi ya ubongo yanayozidi kadiri siku zinavyokwenda, na majirani wakamfuata mke wangu kwa huruma, wakimuuliza kama nami nitasahau kila kitu. Hapana. Yangu ilikuja kwa pigo moja, na tangu hapo inapungua, polepole, hata baada ya miaka. Ninayemfikiria zaidi ni mshairi wa Sweden, Tomas Tranströmer. Kiharusi cha mwaka 1990 kilimwachia maneno machache mno, na mkewe, Monica, akawa ndiye anayewafafanulia watu anachokusudia. Mwaka 1996 alitoa kitabu kipya cha mashairi. Mwaka 2011 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Binti aliponisomea habari hizo, mke wangu alimwomba arudie hapo penye jina la Monica.

Mwaka jana mpwa wangu alitaka kuoa, akaja kuniomba niwe mshenga. Nilionyesha mdomo wangu, nikakataa kwa kichwa. Akasema: "Mjomba, sitaki mwingine. Wakisubiri wasubiri." Tulikwenda Mbagala na mdogo wangu, tukakubaliana yeye atazungumza, mimi nitafungua. Upande wa bibi harusi walikuwa wazee kumi na kitu, na mashangazi nyuma ya pazia. Hawakuambiwa chochote kuhusu mimi. Baada ya salamu nilikaa kimya muda uliopita kiasi. Mtu akakohoa. Nikaweka kiganja cha kushoto juu ya paja, chini ya kanzu wasikione, nikaghani: *Tumeleta posa yetu, tunaomba kupokewa.*

Mshororo mzima, mizani kumi na sita. Wazee wale walidhani ni madoido ya mshenga wa kizamani. Mmoja wao akajibu kwa mahadhi vilevile, na nyuma ya pazia pakapigwa vigelegele. Mdogo wangu akachukua yaliyobaki. Mahari ilipotajwa nilinyamaza, na kwa hilo sikuhitaji msaada wa mtu.

Simu bado inanishinda. Sauti bila uso hunifikia kabla sijajiandaa, na anayepiga hukata akidhani mtandao mbovu. Dada yangu aliyeolewa Muscat hupiga kwa picha, huuliza swali moja, kisha huendelea na mapishi yake akinisubiri. Kiingereza hakijarudi ila maneno mawili matatu. Kwenye kikao cha ukoo wapo ambao bado humuuliza mke wangu nasemaje, na yeye huwajibu, "Muulizeni." Marafiki wa barazani wengi walipotea, waliobaki ni wa bao. Binti amerudi chuoni, anakuja mwisho wa wiki.

Mkataba wangu wa stoo unaisha Desemba. Nataka kumwomba mwenye shule kipindi kimoja cha darasa kwa wiki, cha ushairi, kidato cha pili. Tumeshapima sentensi nne na nazifanyia mazoezi kila jioni. Ya tatu inasumbua. Mke wangu atanisindikiza mpaka ofisini, lakini amesema safari hii yeye atakaa nje.